Upinde Wenye Nukta Tano

2 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumai u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, ingawa wiki hii hatuongei sana, na sababu nakwambia sasa hivi.

Nimenunua upinde. Siyo wa mti. Ni ule wa kapi, vile vigurudumu viwili vya kupitishia kamba, kama uliokuwa nao wewe ukaninyima hata kuugusa miaka yote tuliyoishi mji mmoja. Nimeukuta kwa dalali wa mitumba, yule tunayemwita Bei-ya-Mwisho, umening'inia kati ya pasi mbovu na magongo ya kutembelea. Una miaka ishirini kama siyo zaidi. Akaniambia, "Dada, kitu cha zamani hiki, hakifi leo wala kesho." Nikauchukua bila kuugeuza vizuri, mbuzi kwenye gunia.

Nimeufungua juu ya meza ya jikoni na shemeji yako ameapa hali tena mezani hapo. Kaka, uchafu wa kutupwa! Kishikio kilikuwa kimefungwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikauvua, chini yake kuna jasho lililogandana na mafuta, rangi ya nta ya masikio, na ndani ya hayo mafuta vipande vya kucha. Kucha za mtu! Alikuwa anakata kucha amepakata upinde. Kwenye tundu la skrubu kuna mayai ya mende. Kwenye kapi ya juu kuna chingamu yenye alama za meno. Mimi fundi miwani, kutwa nakwangua ngozi za pua za watu kwenye fremu, sina kinyaa cha bure. Lakini hii nimeivalia glavu mbili.

Nimemaliza chupa nzima ya spiriti. Sasa ni msafi, mweusi wote, rangi ya kupuliza. Niambie nianzie wapi kuuweka sawa. Najua kwa simu ungenieleza kwa dakika tano, lakini tumekubaliana: tangu msiba wa mama, kwa simu tunarushiana maneno, kwa barua tunaheshimiana. Tuendelee hivyo hivyo, hata kama posta inatuchukulia siku kumi.

Mdogo wako

13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, mama. Mgongo uko palepale, unanikumbusha umri kila ninapoinama kufunga viatu. Barua yako nimeisomea kantini ya kiwandani, wenzangu wakauliza nacheka nini. Kucha! Huyo aliyekuwa nao ni nguruwe mwenye vidole. Watu wa aina hiyo ndio wanaouharibia mchezo jina. Nyumbani kwa mtu kama huyo hata maji usinywe.

Haya, kazi. Kwanza, usiachie uzi bila mshale, hata kwa mzaha. Zile pande mbili zinazopinda, ya juu na ya chini, tunaziita mikono. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inairudia hiyo mikono na kuipasua. Pili, legeza skrubu zote mbili zinazoshikilia mikono, kwa kiasi kilekile ili upinde uwe mwepesi. Vuta polepole, shemeji atazame kapi: lazima zimalize kuzunguka pamoja. Moja ikichelewa, isokote kamba yake mizunguko miwili mitatu. Baadaye tundika gazeti, simama hatua tatu, piga. Mshale ukitoka umenyooka, utaacha tundu dogo la mviringo. Gazeti likichanika kwenda juu, mahali unapotia mshale pako juu mno, pashushe.

Usiwe na pupa. Wangu ulinila miezi mitatu. Nikikumbuka nilivyouuza wakati nahama, roho inaniuma.

Kaka yako

25 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika, na nimeifuata neno kwa neno mpaka nimeitia madoa ya grisi. Hatujambo. Shemeji yako amerudi mezani, na sasa yeye ndiye mtazama kapi. Ya chini ilikuwa inachelewa. Nikasokota kamba mizunguko mitatu, zikamaliza pamoja. Gazeti likachanika juu kidole kizima. Nikashusha, nikapiga, nikashusha tena. Jana limetoka tundu la mviringo ungedhani nimelitoboa kwa penseli! Nimelihifadhi gazeti lenyewe.

Rangi ya kwenye mikono imeshika vizuri, hiyo sikuigusa. Ila nimekwangua chuma cha katikati, juu ya kishikio, nikakuta nukta tano zimegongwa kwa msumari, mstari mmoja. Sijui yule nguruwe wako alikuwa anahesabu nini. Labda siku alizooga.

Sasa sikiliza. Nimejiandikisha klabu ya wapiga mishale. Tarehe 21 Machi, Jumamosi, ndiyo siku ya kuwapima wageni, na siku hiyo nitazikaza skrubu mpaka mwisho, nivute kwa nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibandiko nilichokikuta chini ya rangi. Nina miaka arobaini na miwili, Kaka, na hiki ni kitu cha kwanza nimejifanyia mwenyewe tangu nilipoanza kumuuguza mama. Niombee.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji. Huku hatujambo. Kiwandani wametubadilishia zamu, msimamizi mpya ana gubu, lakini tunakwenda naye hivyo hivyo. Mgongo una nafuu kidogo.

Kuna jambo. Barua yako ilinifikia tarehe saba, na nimetembea nayo mfukoni wiki nzima. Zile nukta tano nilizigonga mimi, moja kwa kila shindano nililoshinda. Upinde ni wangu; kwa barua yako ya kwanza sikuutambua, nilidhani wangu ulishauzwa siku nyingi. Kucha ni zangu. Hilo tucheke siku moja, Mungu akipenda.

Lingine si la kucheka. Mwezi mmoja kabla ya kuhama nilikuwa namringishia jirani, nikavuta, nikaachia uzi bila mshale. Nikasikia mlio mdogo wa kupasuka. Mkono wa chini, upande wa ndani, ukapata ufa mwembamba kama unywele. Nikaujaza gundi, nikapiga msasa, nikaupulizia rangi nyeusi upinde mzima, nikampelekea Bei-ya-Mwisho na kumwambia ni mzima. Nilijiambia atauchukua mtu wa kuning'iniza ukutani.

Chukua pamba uipitishe kwenye mkono wa chini. Nyuzi zake zikinasa, usiuvute tena, hasa ukishaukaza. Ukipasuka, vipande huruka usoni.

Natumai barua hii itakuwahi. Shemeji usimwambie, unajua alivyo.

Kaka yako

27 Machi

Kaka,

Shikamoo naiweka kwa sababu mama ndiye aliyenifundisha. Hali yangu ni hii: nimeshonwa nyuzi kumi na moja kwenye nyusi ya kushoto, kidole gumba kimefungwa, jicho lipo. Lipo kwa sababu nilivaa miwani ya kazini, ile ya kusagia lenzi, na klabu nzima ilinicheka kwa kuivaa. Nilivuta mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili mkono wa chini ukalipuka. Kipande kimoja kikaingia kwenye kioo cha miwani na kusimama humo, ncha yake ikiwa upande wangu. Nakutumia ndani ya bahasha hii. Ni mali yako, na gundi yako bado inang'aa.

Barua yako ililetwa tarehe 25. Kwa kuwa jicho limefungwa kwa kitambaa na la pili linachoka upesi, aliyenisomea ni shemeji yako, kwa hiyo lile la kutomwambia limekwisha.

Kucha zako hazinitii kinyaa tena, Kaka. Nilizisafisha kwa spiriti zikaisha. Hata ufa ningeumeza. Kila wiki watu wananiletea fremu walizogandisha kwa gundi wakiapa zimekatika jana, na mimi nawatengenezea. Nisichoweza kumeza ni kalenda. Tarehe saba ulijua. Siku ya kuukaza, tarehe ishirini na moja, nilikuwa nimekuandikia kwa mkono wangu. Posta ni siku kumi. Na namba yangu unayo! Umekaa wiki nzima, barua mfukoni, ukila kantini na wenzako. Halafu ukatafuta karatasi, ukalamba stempu, ukanieleza gubu la msimamizi wako kabla ya kunieleza jicho langu.

Pitisha pamba mkono wa chini. Maneno matano, nimeyahesabu. Ungeyasema kwa pumzi moja ukakata simu, ugomvi tungeuweka mpaka siku nyingine. Tulikubaliana barua ili tusitukanane. Wewe ukaona hapo pana mahali pa kujificha.

Nakuonea kinyaa. Nimejaribu kutafuta neno la heshima zaidi, sikulipata. Barua yako nyingine sitaisoma. Ukiwa na la kuniambia, piga. Nitapokea, nakuahidi, hata tukianza kwa kelele.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta u mzima na nyusi imeanza kupona. Huku wote wazima, mgongo nao haujambo. Pole sana, mama. Pole sana kwa yaliyokupata.

Nimejaribu kupiga mara mbili. Mara ya kwanza nilifika kwenye tarakimu ya mwisho, msimamizi akaniita. Mara ya pili nikaona huenda umepumzika, mgonjwa haamshwi. Na unanijua, mimi siyo mtu wa simu. Ukipaza sauti napotewa na maneno yote. Nikasema afadhali nikae, niandike kwa utulivu kama tulivyozoea, na wewe usome kwa utulivu.

Kipande nimekitazama vizuri kwenye mwanga. Gundi yenyewe ilishika. Mpasuko umeanzia pembeni yake, kwa hiyo huenda ni uzee tu wa upinde. Mkono wa juu bado ni mzima, usiutupe.

Nijibu upesi.

Kaka yako

(Nyuma ya bahasha hiyohiyo, iliyorudi kwa mtumaji tarehe 29 Aprili, gundi yake haijabanduliwa)

Mwandiko nimeujua. Sijaifungua. Namba ni ileile.