Dua ya Mashine Imemrudia Hafidh

Mwatima, pokea simu.

Rufaa ya hataza ya mume wangu Hafidh, ile haki ya mvumbuzi, imeharibika. Ile ya kisanduku kinachoendesha mota zote za mashine ya kuchambua karafuu.

Wasikilizaji wa rufaa wamemuuliza kwa video kama alikionesha watu kabla ya kuomba, maana kilichokwisha kuoneshwa hakipewi hataza. Kasema hapana. Kaapa, Mwatima. Wallahi kaapa.

Wakamwekea video ya ile dua tuliyosoma siku ya kuiwasha mashine, kabla hajaomba. Kijiji chetu kizima cha Wawi kimo, na Hafidh mwenyewe anawaeleza kila waya unakokwenda.

Akairudia na kuirudia, anatafuta aliyerekodi.

Kigelegele cha karibu na simu ni chako, shoga. Kashakitambua.

Kachukua ufunguo wa vespa. Anakuja huko.