Kengele ya Maabara

Kwako baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa kula na kulala, na naomba nawe uwe hivyo hivyo. Goti linaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba siku hizi unashuka ngazi za karakana kwa upande kama kaa. Nikacheka, kisha nikajuta kucheka. Tafadhali usipande tena kwenye mabati ya watu kuwatengenezea antena. Wao pia wana miguu.

Utashangaa kupata karatasi wakati kila mtu ana simu. Lakini simu ya nyumbani anaishika mama, na unajua mwenyewe kwamba ujumbe ukiingia humo husomwa na mama, halafu na mdogo wangu, halafu na jirani aliyekuja kuomba chumvi, ndipo ukufikie wewe ukiwa vipande vipande. Haya nataka yakufikie wewe kwanza, tena yakiwa mazima. Ndiyo maana nimempa mjomba, anayekuja huko na lori, nikamwambia akukabidhi mkononi.

Nianze na habari za bweni. Chumbani kwetu tuko wanne: vitanda viwili vya juu na chini, dirisha linalotazama ukuta, na soketi moja tu. Soketi hiyo ndiyo serikali yetu. Anayeitawala ni msichana anayelala chini yangu, tunamwita Mama Soketi. Siku ya kuripoti alifika wa kwanza akachomeka waya wake wa kugawia umeme, na tangu hapo hachaji mtu bila kupita kwake. Si mchoyo, ana utaratibu tu. Simu iliyokwisha kuzima hutangulia, yenye uhai husubiri. Yupo pia Wakili, anayesomea sheria, ambaye huwezi kuazima sufuria kwake bila kuhojiwa. Wa nne ni Bibi Harusi, aliyepata jina hilo kwa jinsi anavyojipodoa kabla ya kwenda kufua.

Mtandao haufiki chumbani. Unafika kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kwa hiyo jioni ngazi hujaa watu. Kila mmoja yuko kwenye kidato chake, uso unamulikwa na simu, anaongea na mtu asiyekuwepo. Ukitaka kwenda kuoga unaruka magoti. Huwa najiuliza kama mitambo hii imetuleta karibu au imetufundisha tu namna mpya ya kukaa mbali. Hata chumbani tuna kundi letu la ujumbe, sisi wanne peke yetu. Bibi Harusi huandika, “Nani kachukua ndoo yangu?” na ndoo iko chini ya miguu yake. Wenzangu wanaliona kundi hilo ni mzaha. Mimi nililipenda kuliko wote, maana humo kila neno lilinifikia.

Jioni moja Mama Soketi alikuwa akiongea na mama yake kwa video. Yule mama aliiegemeza simu ukutani jikoni, akaendelea kukata vitunguu huku akipiga soga. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama Soketi, nikawa namtazama yule mama kana kwamba ni wangu. Akainua kisu, akasema jambo, Mama Soketi akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka. Sikujua tumecheka nini. Nikarudi kitandani nikajifunika shuka usoni, nikapakumbuka nyumbani. Nilitamani harufu ya lehemu ikiyeyuka mezani pako, na yale maredio yaliyofunguliwa migongo. Nilitamani kukuona wewe, ambaye tangu masikio yako yazime husikii hata redio moja kati ya unazozitengeneza, unavyomtazama mteja usoni. Akianza kutikisa kichwa, ndipo unajua imepona.

Sasa baba, kaa vizuri.

Wiki chache zilizopita tulikuwa kwenye maabara ya umeme, kila mmoja na ubao wake wa nyaya. Sheria ya pale ni kwamba kengele ikilia kila mtu ananyanyua mikono, kwa sababu umeme mkubwa unakaribia kuwashwa. Kengele ikalia. Wenzangu wakanyanyua mikono. Mimi nilikuwa nimeinama nakaza skrubu. Fundi wa maabara aliniona, akaruka hadi kwenye swichi kuu, akazima chumba kizima. Nilijua kuna jambo pale mtetemo wa mashine za chumba ulipokoma mezani, chini ya viganja vyangu. Nikainua kichwa, nikakuta watu wote wananitazama kama wanaotazama maiti iliyoketi. Mwalimu akaja amefura, mdomo unakwenda mbio. Nilishika maneno machache tu: dharau, kufa, nje.

Nikatolewa maabara mpaka nieleze kwa nini niliipuuza kengele. Na asiyeingia maabara kwetu hana mwaka, atarudia.

Chumbani sikusema kitu, lakini habari za bweni hazisubiri mtandao. Wakili alipanda kitandani kwangu, akakaa uso kwa uso nami, akaniambia, “Wewe hukuidharau ile kengele. Hukuisikia.” Nikakana. Akasema amekuwa akinichunguza tangu muhula uanze. Nikigeuziwa mgongo sijibu. Nikisemeshwa ana kwa ana najibu. Wakicheka watu, mimi hucheka baada yao, sijawahi kutangulia. Kisha akachukua mto, akaufunika mdomo wake, akasema jambo. Nikabaki namtazama. Alipoushusha mto, macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Sikumuuliza alisema nini, na mpaka leo hajaniambia.

Kesho yake alinipeleka hospitali, amenishika mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Waliniingiza kwenye kijichumba, wakanivalisha vidude masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa na kile kitufe, baba, nikangoja. Nikawa nabonyeza kwa kubahatisha, maana niliona aibu kukaa tu. Daktari aliponitoa alinionyesha mchoro wa mstari unaoshuka, akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye shida hii.

Nikamwambia yupo. Baba yangu.

Ndiyo hivyo. Masikio yangu yanakwenda njia ya masikio yako. Daktari anasema yamekuwa yakipungua polepole kwa miaka kadhaa, na yataendelea. Kwa kasi gani, hajui.

Nakujua. Hapa utaiweka karatasi chini, utatoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia mvua. Ukirudi, soma na hili: usijilaumu. Nilichukua kwako pua, nikachukua ukaidi, nikachukua mkono usiotetemeka kwenye waya mwembamba. Masikio yalikuja kwenye mzigo huo huo, na mzigo huo siurudishi.

Mambo mengine yamekaa sawa. Wakili alinisindikiza kwa mwalimu, akanitetea kama aliyelipwa. Mwalimu alisoma cheti cha daktari, akageuka kunitazama usoni kabisa ndipo akaniomba radhi. Fundi wa maabara ameunganisha taa nyekundu kwenye kengele. Nimerudi kwenye ubao wangu. Nimewekewa kifaa cha kusikilizia sikio la kushoto, na tangu hapo nimegundua kwamba Mama Soketi anakoroma kama jenereta bovu, na kwamba ndala za Bibi Harusi zina kelele. Simu nayo nimeiwekea programu ya kugeuza maneno ya mwalimu kuwa maandishi. Juzi mwalimu alisema “mfumo wa umeme”, simu ikaniandikia “mfupa wa mume”. Nilikuwa wa kwanza kucheka darasa zima, na hakuna aliyejua nacheka nini.

Lakini kuna vitu havina programu. Nikimwomba mtu arudie alichosema, mara nyingi hunipungia mkono na kusema, “Aa, si kitu.” Sikujua kwamba neno dogo hivyo linaweza kumfungia mtu mlango. Nawe lilikuwa likikuuma? Ulikuwa unafanyaje?

Nitakuja likizo. Nataka nikae karakanani unifundishe kusoma midomo, na namna ya kukaa kwenye sebule iliyojaa watu bila kujiona mgeni. Hayo chuo hawayafundishi.

Mpe mdogo wangu salamu zangu, na mjomba umtilie chai kabla hajageuza lori. Mama unisalimie kwa mikono miwili, ila habari hii sitamwandikia. Mwambie wewe, kwa kinywa chako.

Najua siku hizi huongei sana. Tangu uache kujisikia ukiongea, hujui sauti yako imepanda kiasi gani, na kila ukifungua mdomo mama anakupungia mkono ushushe. Kidogo kidogo ukaacha. Ila baba, sauti yako ndiyo ninayoitamani kuliko vyote nilivyoviacha huko, na sijui nimebakiwa na muda gani wa kuisikia. Nikifika, ongea. Nieleze habari za kila redio iliyopita mikononi mwako. Mama akisema unapiga kelele, usimsikilize. Kwangu mimi haitakuwa kubwa.

Akupendaye,
Fundi wako Mdogo