Mikono Ileile Ilinyooka Mara Mbili

Shangazi Dorotea, shikamoo. Naomba msaada ila usinicheke, maana mimi si mtu wa kuchekwa, ni mwenyekiti wa mtaa huku Mabatini, elimu yangu darasa la saba lakini mdomo umefika chuo kikuu, na uchaguzi huu wa vyama vingi nilimbwaga mzee Shimba aliyekalia kiti tangu sijaota jino, nilimbwaga kwa neno moja tu, "Mtakachosema ndicho nitakachofanya," wakanibeba juu juu. Sasa wauza mitumba wanataka kujenga vibanda juu ya mfereji unaoteremsha maji ya mvua kutoka mlimani, wanasema siku hizi biashara ruksa, na mfereji ukizibwa maji yote yataingia kwa Mama Ng'washi, mjane anayekaa pale chini na watoto wanne. Nikaitisha mkutano, nikauliza, "Wanaotaka vibanda?" Mikono ikajaa. Kwa utani wangu nikauliza tena, "Na wanaotaka mfereji ubaki wazi?" Mikono ileile, Shangazi, hata wa Mama Ng'washi ulinyooka mara zote mbili. Nikamwambia, "Mama, hata wewe?" Akajibu, "Mwanangu, kiongozi akiuliza tunanyoosha, ndivyo tulivyozoea."

Mzee Shimba alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Haya ngosha, mwanamume wewe, fanya walichosema." Wauza mitumba nao kila nikipita wananiimbia, "Tulikupa kura, sasa tupe kula." Mvua za vuli zimebakiza wiki mbili zianze. Nikikataa vibanda nitaitwa mwongo na kiti kitaondoka, nikikubali nitamzamisha mama wa watu. Nifuate mikono ipi?

Mayala, mwenyekiti mtanashati

Marahaba, mtanashati. Pole, lakini umejitakia. Kama kazi yako ni kuhesabu mikono, wangemchagua mtoto wa darasa la pili, angehesabu vizuri kuliko wewe. Watu wako si wajinga. Miaka yote waliitwa kunyooshea mikono jambo lililokwisha kuamuliwa. Wewe ndiye wa kwanza kuwauliza kweli, na umewauliza kwa utani.

Wauza mitumba wasikilize, wanatafuta riziki. Ila wanachohitaji ni mahali pa kuuzia, si mfereji. Wapeleke wote pale, kila mtu na ndoo ya maji. Weka gunia la mchanga wanapotaka vibanda, wamwage maji yao hapo, halafu mfuatane na maji yanakoelekea mpaka karibu na mlango wa Mama Ng'washi. Hapo uliza, mmoja mmoja, kwa mdomo: maji yapite wapi, na vibanda vikae wapi? Wakikuonyesha sehemu ambayo wewe hukuiwaza, wafuate bila aibu. Wakikazania kujenga juu ya mfereji, kataa mbele yao na utaje sababu, kwa sababu nyumba ya mjane haipigiwi kura. Na ile ahadi yako ya kampeni uifute hapohapo kwa mdomo huohuo wa chuo kikuu. Wakikung'oa, wakung'oe kwa jambo la maana.

Basi Jumamosi hii mzibue mfereji, mtoe mchanga na taka kabla mvua haijafika. Jembe la kwanza ushike wewe, mwenyekiti, na uvae nguo za kuchafuka.