Kobe wa Mkomaindo

Mkunya, Newala
16 Aprili 2024

Kwa mke mwenzangu Ziada,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, unauza dawa za watu bila kuzihitaji mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika asubuhi na kunyamaza likisikia ngoma. Mume wetu Jafari anakula, anakohoa kidogo, anakuulizia.

Najua utasema, kwa nini Bibi asipige simu. Simu ninayo, lakini kila nikifika kwenye lililo moyoni salio linakatika. Barua haikatiki. Nimempa Dastani wa basi, na majibu umpe yeye.

Lililo moyoni ni Idi. Nilipika pilau, nikachinja yule jogoo mweupe mkorofi. Babu yako alivaa kanzu tangu asubuhi akakaa barazani, kila gari likipita anasema, "Mke wangu mdogo huyo." Akasema hivyo mpaka magharibi. Wewe ukatuma ujumbe kwamba una kazi. Kesho yake dada yako Stamili akanifungulia ule ukurasa wako kwenye simu yake, nikakuona na gauni jipya, viatu vipya na mkoba mpya. Ulipendeza, siwezi kusema uongo. Lakini Idi ulimvalia nani, kama nyumbani hukufika?

Niambie kweli. Mama yako ungemdanganya, ni haki yako. Mimi ni mke mwenzio.

Wako,
Bibi, mke mkubwa

*

Mkomaindo, Masasi
22 Aprili 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee mume wetu. Mimi mzima, ila barua yako imenikosesha usingizi. Goti hilo lipake mafuta niliyokutumia, usiyaweke kabatini kama uturi.

Kweli yenyewe ni hii: kazi sikuwa nayo. Nauli niliivaa.

Ukurasa wangu wa "Ziada Anavaa" una watu wengi sasa, wa hapa Masasi, wa Mtwara, mpaka Tandahimba. Wanataka kuona mtu wa mshahara mdogo anavyopendeza. Kila wiki wanataka kipya, nami siku ya mnada muuza mitumba akikata kamba ya belo nasahau jina langu. Mshahara wote unaishia pale. Nikipata aibu, naifunika kwa gauni lingine.

Nimechoka, Bibi. Kwa hiyo juzi nimetoa ahadi hadharani. Kuanzia mwezi wa tano hadi mwaka uishe, nguo, viatu na mapambo yote ni shilingi elfu arobaini kwa mwezi, basi. Hata zawadi nitaihesabu kwa bei yake, maana wenzangu wengi wanajificha humo: duka linawapa, wao wanasema hawajanunua. Nimewaambia wakinikuta nimedanganya waniache wote waondoke.

Mwezi wa saba Faidha wa dada Stamili anatolewa unyagoni. Nataka nije siku hiyo kwa nauli yangu, bila kukopa, nikiangalia watu usoni. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Uwe shahidi wangu.

Mjukuu wako,
Ziada, mke mdogo

*

Mkunya
29 Mei 2024

Kwa mke mwenzangu,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima, mbaazi zimekubali mwaka huu, na ming'oko nimekuchimbia, ipo kwenye kikapu alichobeba Dastani. Usiimenye kizembe ukatupa nusu.

Tangu barua yako ile nami nimefunga. Nikipita dukani kwa Nurdin pale Newala mjini nageuzia shingo upande wa pili. Juzi nimejikwaa kwa ajili yako, na Nurdin akauliza kama tumegombana.

Basi jana Stamili akanionyesha video yako mpya. Unaeleza namna ya kuvaa sketi moja siku tano, unaeleza vizuri kabisa. Unasema mwezi huu umemaliza fedha yako na hugusi kitu tena. Lakini Ziada, nyuma yako mlango wa kabati haukufunga sawasawa. Kuna kitu chekundu kimechungulia, kina kishada cha dhahabu mkononi. Kitu hicho sijawahi kukiona mwilini mwako, na macho yangu ndiyo sehemu pekee isiyozeeka.

Unajua anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha tunamwitaje. Kobe. Anaingiza kichwa gambani, anadhani hatumwoni. Mke mwenzangu, umekuwa kobe. Babu yako kacheka mpaka kikohozi kimepona.

Sijakasirika. Lakini uliniomba niwe shahidi, na shahidi haangalii pembeni.

Wako,
Bibi, mke mkubwa

*

Mkomaindo
4 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Nyumba nzima hamjambo? Ming'oko nimekula yote jikoni nimesimama, sikumbakizia hata Upendo ninayepanga naye, na huo nao ni ukobe.

Lile gauni lilitoka kwenye belo mbele ya macho yangu. Kuna dada mwingine aliunyoosha mkono, nikamwahi. Nilipofika nyumbani sikuweza kulivaa wala kulitazama. Limekaa mle kabatini kama mgeni asiyeamkiwa.

Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikawasha simu nikawasomea watu wote ile sehemu ya kobe. Nilijua wataondoka. Bibi, wamebaki! Wameongezeka! Sasa nikipita stendi wauza matunda wananiita Kobe, na mama mmoja wa Ndanda ameniandikia kwamba naye ana gamba lake, limejaa viatu. Wanakuulizia wewe kila siku, wanataka kumwona huyo bibi mwenye macho.

Ila ukila mchana lazima ulipe. Mwezi huu wote wa sita sinunui kitu, hata kibanio cha nywele. Nimewaahidi wao na ninakuahidi wewe. Idi ya kuchinja zamu ya dukani imeniangukia kweli, safari hii si uongo, muulize bosi wangu. Lakini kwa Faidha nitakuja.

Wako,
Kobe

*

Mkunya
11 Juni 2024

Kwa Kobe wetu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimemsomea babu yako mara mbili, ya pili kwa kuomba mwenyewe. Umefanya la kiungwana.

Habari njema: wanawake wa ukoo tumekaa tukachagua sare ya siku ya Faidha. Ni kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kiko kwa Nurdin, na fundi ni Paulina ili wote tutoke na mshono mmoja. Pamoja na kushona ni elfu hamsini na tano, ilipwe kabla mwezi huu haujaisha. Mama wadogo wa mwali ndio wanaotangulia mbele kumpokea, kwa hiyo wewe huna ruhusa ya kuvaa kingine. Nitumie vipimo. Usipunguze kiuno, nakujua.

Wako,
Bibi

*

Mkomaindo
17 Juni 2024, Idi

Bibi yangu,

Shikamoo na Idi mubaraka. Leo nimekula wali wa mgahawani nikiwaza pilau yako.

Nimeipokea habari ya sare. Mwezi huu nalipa. Hata ungekuwa mwezi mwingine, bei hiyo inapita kiwango changu. Nikinunua, nimevunja ahadi mara ya pili, na mara ya pili haichekeshi mtu. Ukininunulia wewe ni zawadi, na zawadi nimesema nazihesabu. Nikija na nguo nyingine, nitatembea mbele ya ukoo mzima kama mpita njia, na dada Stamili ataona nimemdharau mwanawe.

Nimelala na kuamka nalo. Naona bora nisije. Nitamwomba Faidha msamaha akishatoka. Usinikasirikie.

Mjukuu wako,
Ziada

*

Mkomaindo
26 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Dastani amepita mara tatu mikono mitupu. Namuuliza, anasema, "Bibi yako mzima, ila ananifukuza." Nikipiga simu anapokea Babu, anacheka, anakata.

Umenikasirikia. Nitukane basi, lakini niandikie. Kimya chako kinaniuma kuliko kukosa sherehe.

Ziada wako

*

Mkunya
1 Julai 2024

Kwa mke mwenzangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Nilikuwa na kesi, ndiyo maana nilinyamaza.

Barua yako ya Idi nilimsomea babu yako usiku uleule. Kisha nikamuuliza, "Mzee Jafari, sare yangu umenunua?" Akasema amenunua. Nikamuuliza, "Una wake wangapi?" Akasema, "Wawili, kila mtu hapa anajua." Nikamwambia, "Sasa ni dini gani hiyo, unamvisha mmoja unamwacha mwenzake?"

Tangu ulipojifunza kutembea mtu huyu anakuita mke wangu mdogo mbele za watu, anakutuma maji, anakutania, anakunyima muwa kwa wivu. Raha yote ya kuwa na wake wawili ameila. Nikamwambia utani una gharama yake. Doti mbili au nahamia kwa kaka yangu.

Alitaka ushauri. Jirani zake wakakaa kusikiliza, mpaka Nikolao mzee wa kanisa akaja na kiti chake. Nikolao akasema kwao mke ni mmoja, hivyo yeye hana upande, lakini haki anaiona iko wapi. Wamecheka siku nzima. Babu yako ameuza gunia la mbaazi bila kununa, kisha akaenda kwa Nurdin mwenyewe, kwa miguu yake, akisema njia nzima anakwenda kumvisha mkewe.

Kwa hiyo kifurushi alichokuja nacho Dastani usikiite zawadi. Zawadi anayetoa anaweza kuacha. Hii ni haki yako kwa mumeo, na haki haihesabiwi kwenye fedha yako ya mwezi. Wasomee watu wako. Wakisema ni ukobe, rudisha, nami nitakupokea hata ukija umevaa gunia.

Ila na mke ana wajibu wake, Ziada. Mke anaonekana nyumbani. Babu yako hajavua ile kanzu moyoni tangu Idi ya kwanza.

Wako,
Bibi, mke mkubwa

*

Mkomaindo
3 Julai 2024

Bibi!

Shikamoo! Nimewasomea. Hakuna hata mmoja aliyesema ukobe. Wamecheka, wamelia, watatu wameandika kwamba wanakwenda kuwadai babu zao.

Nguo imenikaa kama ilinizaa. Vipimo sikukutumia, lakini kiuno hukukipunguza, ahsante, mimi ningekidanganya.

Ijumaa nipo kwenye gari la kwanza. Nauli ninayo, ni yangu. Mwambie mume wetu avae kanzu.

Mke mdogo

*

Mkunya
12 Julai 2024

Kwa mke mwenzangu,

Salaam. Umefika salama? Sisi bado miguu inauma. Faidha anatembea kama malkia, kazi za nyumbani anazitazama kwa mbali. Stamili hachoki kusimulia ulivyotangulia mbele na kitenge chako, na babu yako akikutuza noti huku akipiga kelele, "Wote wangu!"

Najua umeshafungua begi ukakuta pungufu. Usimlaumu Dastani. Gauni jekundu ulilolileta kumpa Stamili alitoe sadaka, ukasahau kulitoa, nimelichukua mimi. Mke mkubwa akipenda cha mdogo hakiibi, anakiweka panapostahili. Linanibana kwapani, lakini kishada cha dhahabu kinanifaa. Nimekwenda nalo kwa Nurdin kununua chumvi, ambayo haiuzi. Watu wa ukurasa wako waambie lile gauni limepata mtu wa kulitembeza mchana kweupe.

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Nilidhani nitazoea, sijazoea.

Wako,
Bibi

*

Mkunya, nje ya ua
3 Agosti 2024

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Mwezi huu nimeziweka zile elfu arobaini mezani, nikazitazama. Mnada ulikuwepo, belo lilifunguliwa, nilisikia kamba ikikatwa. Nikawaambia watu wangu kwamba nguo ninazo, na kwamba wakati wa Idi nauli niliivaa, basi mwezi huu bajeti ya nguo nitaipanda.

Nimeipanda leo asubuhi pale stendi ya Masasi. Dastani hakutaka kuniamini kwamba barua safari hii naibeba mwenyewe.

Nimempa Faidha akuletee hapo jikoni. Usitafute kalamu, usiijibu. Vaa gauni lako jekundu utoke, mimi nimesimama huku na mume wetu, na ana kanzu.

Wako,
Ziada