Mizizi Niliyoikata kwa Sababu ya Wageni

Alhamisi, Julai. Kibaridi cha Kilimani, hapa Nairobi, kimeingia mpaka mifupani, na mimi sina raha.

Nimemsingizia mtu. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu kukaribisha chama, kikundi chetu cha akina mama cha kuweka akiba. Mume wangu ana monstera sebuleni, ule mmea wa kutambaa wenye majani ya matundu, alioulea tangu ukiwa na jani moja. Ulikuwa umetoa mizizi mirefu ya kahawia, inaning'inia hewani kama kamba kuukuu. Wanawake wa chama chetu wana macho, na midomo pia wanayo. Nikachukua makasi ya jikoni nikaikata yote, hata ile iliyoshika nguzo ya sebule.

Jana mmea ulianguka sakafuni, majani matatu yamegeuka manjano. Mume wangu akauliza kulikoni. Nikajibu upesi mno: "Pengine Nekesa amezidisha maji."

Nekesa ndiye anayetusaidia kazi za nyumbani. Huja kila asubuhi kutoka Riruta. Leo alipofika tu akakaripiwa na mume wangu mbele yangu, akaambiwa akikosea tena atafute kazi kwingine. Akasema, "Pole sana, Baba Imani."

Mimi nikajifanya natafuta simu.

Mchana nimemkuta ameufunga mmea kwenye mpini wa ufagio kwa kipande cha leso. Kwao ni Kakamega, kando ya msitu, na mimea ya jamii hii anaijua. Akanieleza huku amechuchumaa: mche huanzia chini, gizani, ukatambaa kutafuta shina la mti mkubwa, halafu ukaukwea polepole kufuata mwanga. Mizizi ya hewani ndiyo mikono yake, tena hunyonya unyevu wa mvua.

"Ukikata, haina kitu ya kushika," akasema. Kisha, bila kuniangalia: "Nilipata hizo mizizi kwa dustbin, Mama Imani. Lakini sikusema. Niliogopa mtakosana."

Alijua. Aliomba radhi kwa kosa langu akijua, na kibarua chake kikiwa hatarini. Nimeona aibu ambayo chama kizima kisingeweza kunipa.

Nimemwomba asiondoke kwanza. Mume wangu anapanda ngazi sasa, nasikia viatu vyake.

Nekesa alikaripiwa mbele yangu. Nami nitakiri mbele yake.