Bibi Yangu Kwenye Kamba ya Feruzi

Jumatatu, 3 Juni
Asubuhi foto za karte tu, za kitambulisho. Mwalimu mumoja, mapacha wa fundi cherehani, muzee wa kanzu. Kila mutu kwenye kiti, mbele ya pazia la bluu. Tulia. Funga mudomo. Angalia hapa. Foto ni heshima, si muchezo. Baba alinifundisha hivyo na Kasongo nzima inanijua hivyo.

Muchana nimepita mbele ya farmasi. Feruzi ametundika foto zake tena. Huyu kijana alikuwa Salamabila anapiga foto za wachimba dhahabu, sasa ametuletea ugonjwa wake. Anazunguka mutaani na aparei ya foto shingoni, anapiga watu bila kuwaambia. Mama anatwanga majani ya sombe. Watu wa pikipiki wamelala juu ya pikipiki zao. Kisha anachapa, anabana foto kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, watu wanakuja kujitafuta. Wanasukumana, wanacheka, wananunua. Mugeni aje mwenyeji apone, wanasema. Huyu amekuja mwenyeji augue.

Jumanne, 4 Juni
Nimerudi kuangalia. Si kwa kupenda. Kuna foto ya muzee anavaa viatu nje ya musikiti, jua limemulalia mugongoni. Nzuri. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nzuri kabisa, na imeniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Zaina iko kwenye kamba. Bibi yangu!

Sokoni, nyuma ya chupa zake za mawese. Kichwa nyuma, mudomo wazi, meno yote nje mpaka lile pengo la juu. Anacheka mpaka kitambaa kimeteleza. Tangu tuoane sijapata kuona pengo lile kwenye foto, na mimi ndiye fotografe wa nyumba. Kila Idi namuweka kwenye kiti, napiga, natuma kule Wamaza kwa mama yake. Kwenye foto zangu iko wima kama askari wa zamu.

Mutu mumoja akaniuliza, "Fundi, huyu si mama wa nyumbani kwako?" Nikasema hapana. Hapana! Nimemukana bibi yangu wa ndoa. Ndimi zingine ni za kukatwa.

Alikuwa anamuchekea nani? Mwenye aparei ndiye alikuwa mbele yake.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetoka kuswali, nimeenda moja kwa moja kuinunua ile foto niipasue. Kibanio kipo, foto haipo. "Imeshanunuliwa, kaka," Feruzi akasema. Na nani? Akasema si kazi yake kutangaza wanunuzi. Halafu akatabasamu. Nimetoka kuswali, ndiyo maana sikumupiga.

Kuna mutu katika muji huu amekaa na kicheko cha bibi yangu ndani ya nyumba yake. Nani? Nimepita barabara nzima nikiangalia wanaume usoni, mumoja mumoja. Wote niliwaona wabaya.

Nyumbani sikula. Zaina akauliza kama naumwa. Nikasema sombe iko na chumvi nyingi. Haikuwa na chumvi nyingi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefunga studio. Nimejibanza nyuma ya duka la sabuni kuchunga meza ya Zaina sokoni. Mimi mutu muzima, na mvi kidevuni.

Feruzi akapita. Hakusimama. Zaina hata hakuinua macho. Nilipaswa kufurahi, niende zangu. Nikabaki.

Kisha mama mumoja wa samaki, jirani yake wa meza, akainuka. Mwanamuke munene, muji wote unajua kipaji chake cha kuiga watu. Akavuta blauzi, akanyoosha shingo, akaelekeza kidole. "Tulia! Funga mudomo! Angalia hapa!" Zaina akatupa kichwa nyuma. Kicheko kilekile cha kwenye kamba.

Ni mimi. Wanaiga mimi. Nimetoka pale kwa njia ya nyuma, kwenye matope ya wauza samaki, viatu vya Ijumaa miguuni.

Jumapili, 9 Juni
Nimelipuka. Nikauliza ile foto iko wapi, na ni mwanaume gani aliyeinunua. Zaina alikuwa anachambua maharagi. Hakuacha.

"Mimi," akasema. "Nimeituma Wamaza kwa mama."

Nikapiga kelele. Kwa mama natuma foto kila Idi! Safi, za kiti, za pazia. Mama anataka nini tena?

Akatupa kijiwe kando. "Baba Salima, kila foto yako ikifika, mama anaagiza mutu aje kuniuliza kama unanipiga."

Sijawahi kumuinulia mukono. Hata siku moja. Anajua, Mungu anajua.

"Kila mara nasema hapana," akasema. "Haamini. Sasa ataamini."

Akaendelea na maharagi. Mimi nikatoka nje. Miaka yote hii mama mukwe ananipokea, ananikaribisha, ananichinjia kuku, na rohoni anahesabu makofi yangu. Na aliyenisafisha mbele yake ni Feruzi. Heri angenipiga kofi sokoni.

Jumatatu, 10 Juni
Kazi kidogo. Sikupita mbele ya farmasi.

Jumanne, 11 Juni
Nimechukua aparei, nimeenda sokoni. Hakuna aliyeniita. Nimesogea polepole, nyuma ya watu, kama anavyofanya yule Feruzi.

Zaina alikuwa anaongea na mama wa samaki. Akaanza kucheka. Nikainua aparei.

Akaniona. Akashusha mikono, akaweka kitambaa sawa, akanyoosha mugongo. Akafunga mudomo. Akangoja.

Sikupiga. Nimerudisha aparei ndani ya mufuko. Nimenunua kwake chupa ya mawese. Akasema nyumbani iko mingi. Nikasema najua.