Shemeji na Ndoo ya Dawa

Dada yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto. Mimi sijambo, ila kifua kinakwaruza. Najua mumeo amekupigia simu akasema hapa hotelini kulitokea "kitatizo kidogo." Nisikilize na mimi.

Tangu apewe usimamizi wa usafi, shemeji hatembei, anaelea. Funguo zinamlia kiunoni kama kengele za mbuzi, na wafagizi wote anatuita "vijana wangu," hata Mama Pacha anayeweza kumzaa. Jumanne alitaka vyoo ving'ae kabla wageni hawajafika. Akachukua dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akaimimina kwenye ndoo yenye asidi ya vyoo, eti nguvu ziongezeke. Nikamwambia chupa zote mbili zimeandikwa zisichanganywe. Akacheka, akasema maandishi hayo ni ya waoga.

Mama Pacha akaingia na ndoo ile kwenye choo kisicho na dirisha. Tukasikia kikohozi, ndoo ikaanguka, kisha kimya. Nilipofungua, mvuke ukanichoma macho kama pilipili. Nikamkokota kwa makwapa hadi nje. Na bwana mkubwa wako? Alikuwa mwisho wa korido, kitambaa puani, akifoka, "Fungeni mlango, wageni watasikia harufu!"

Mama Pacha yu hai, lakini anapumulia mashine. Daktari anasema mapafu yameungua. Shemeji alikuja wodini amevaa tai. Hata pole hakumpa. Alinivuta pembeni akanitaka niseme mama yule alichanganya mwenyewe, kwani damu ni nzito kuliko maji. Nilimtazama, dada, nikakosa hata mate ya kumtemea.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jana wakaguzi waliuliza nani alichanganya, nami nikamnyooshea kidole mumeo, akiwa amekaa pale pale. Akalia. Hakumlilia mgonjwa, alikililia cheo. Hoteli imemfukuza kazi, na kesho anapanda basi kuja kwako. Atakwambia nina wivu.

Mshahara wake ndio uliowalisha wanao, najua, na hilo tu ndilo linaloniuma. Ukinikasirikia, una haki. Lakini Mama Pacha naye ana watoto, na hawezi hata kuwaita majina.

Wasalimie wanangu mmoja mmoja. Salamu za baba yao sina.

Ni mimi, mdogo wako.